Uzi wa picha za mkanda: kupata sura ya filamu kwa kamera ya dijitali, ngozi zetu zisigeuke majivu

Mkanda36

Wakuu, habari za Jumapili. Huu ndio uzi wa mkanda, yaani filamu ya kamera za zamani, niliowaahidi kule kwenye mjadala wa kamera za mtumba, waliokuwa wananidai wavute viti. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite salama.

Mzee wangu alisoma Umoja wa Kisovieti. Aliporudi alikuja na sanduku la vitabu na kamera aina ya Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2. Chuma kitupu, ukimrushia mwizi anabaki palepale. Kipima mwanga chake kilishakufa, na shata, kile kimlango cha mwanga, inaanzia 1/30 ya sekunde inaishia 1/500, hakuna zaidi. Kanuni ya wazee wa kamera inasema juani weka tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), na kasi ya shata iwe sawa na ISO, yaani wepesi wa mkanda kunasa mwanga. Sasa weka mkanda wa ISO 400 saa saba mchana Kigamboni: f/16 ndiyo mwisho wa lenzi, 1/500 ndiyo mwisho wa kamera. Umefika ukutani. Jua la kwetu linakufundisha adabu kabla hujapiga hata picha moja.

Helios hiyo ina pete mbili. Unaangalia kupitia lenzi ikiwa wazi kwenye f/2 ili uone vizuri, unalenga, kisha unazungusha pete ya pili tundu lifunge mpaka f/8 au unapotaka. Siku ya mahari ya dada yangu nilisahau kuzungusha. Picha kama sita nilizozitaka f/8 zimepigwa f/2, yaani mwanga umeingia mara 16 ya uliotakiwa. Mkanda ulikuwa wa rangi, Portra 400, wa kuletewa na mtu, bei yake sisemi mke wangu anasoma humu. Nikajua zimekwenda na maji.

Zilikuja. Negativu, yaani mkanda uliosafishwa ambao mwanga na giza vimegeuzana, zilikuwa nzito, nyeusi tii, lakini sura za mashangazi zipo, nakshi za khanga zipo, hata mawingu yapo. Wiki iliyofuata nikafanya kosa dogo kuliko hilo kwa kamera ya dijitali, mwanga mara 4 tu, na paji la uso la mjomba likageuka kipande cha karatasi nyeupe. Ukishusha mwanga kwenye kompyuta linakuwa karatasi ya kijivu. Hakuna kitu mle.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo video zote za preseti (mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari) zilikuwa hazijaniambia. Sensa ya kamera ya dijitali ni ndoo: maji yakifika ukingoni yanamwagika, hutayaokota tena. Mkanda wa negativu ni mchanga wa ufukweni, unaendelea kunywa, japo unakunywa kidogo kidogo kadiri unavyolowa. Ndiyo maana kwenye picha za mkanda shati jeupe juani linafifia polepole kuelekea weupe, wala halikatiki ghafla kama limechanwa kwa wembe. Watu wanaita "sura ya filamu" wakidhani ni rangi. Kwangu nusu ya kazi ni hapo, mwanga mkali unavyokufa.

Kwa hiyo mwenye dijitali anatakiwa afanye kinyume cha mwenye mkanda. Mwenye mkanda anapima kwenye kivuli na kuongeza mwanga bila hofu. Wewe linda sehemu kali, punguza mwanga theluthi mbili za stopu au stopu nzima (stopu moja ni nusu ya mwanga), piga RAW, faili ghafi la kamera, kisha uvitoe vivuli kwa programu. Picha itaonekana giza kwenye kioo cha kamera. Usitishike.

La pili ni mizani ya weupe. Mikanda mingi ya rangi imetengenezwa kwa mwanga wa mchana, kama 5500K kwa kipimo cha rangi ya mwanga, na haibadiliki hata ukiilia. Balbu ya njano inatoka njano, taa ndefu ya dukani inatoka na ukijani, magharibi inatoka na ubuluu wake. Kamera ya dijitali ikiachwa kwenye otomatiki inasahihisha yote hayo, na picha zote zinakuwa na hewa moja ya ofisini. Funga kamera kwenye alama ya jua asubuhi, usiiguse mpaka ulale. Jaribu hilo moja tu kwa wiki moja halafu uje hapa ubishe.

La tatu ni ISO: chagua 400 ukae nayo siku nzima. Halina sayansi kubwa, linakulazimisha tu kutafuta mwanga badala ya kuzungusha kitufe.

Chembechembe (yale madoadoa madogo ya mkanda), kuvuja kwa mwanga, tarehe ya njano pembeni, hayo ni mapambo. Nitarudi.

Chuma Chakavu

Nimeweka mkeka. Tiririka mkuu.

binti_wa_Kurasini

Mkuu heshima kwako, ila nyie wa mkanda mna raha ya kuwa na muda. Mimi napiga harusi. Bibi harusi anataka picha kumi kwenye simu kabla biryani haijapakuliwa. Natumia Fujifilm X-T20, na Fuji hao hao walikuwa watengenezaji wa mikanda, kwa hiyo majina ya Provia, Velvia na Astia yaliyomo kwenye kamera ni mikanda yao wenyewe. Mpangilio wa rangi wa Classic Chrome ulikuja 2014, wao wenyewe hawaufungi na mkanda wowote kwa jina, ila kila mtu anajua unamkumbusha nani wa kule Marekani mwenye boksi la njano, Kodak huyo.

Mpangilio wangu: Classic Chrome kwa mazingira, magari, ukumbi. DR400, ule mpangilio wa kulinda sehemu kali, na hapo jueni kwamba kwa kamera yangu DR400 haikubali mpaka ISO iwe 800 kwenda juu, kwa sababu inapiga giza makusudi halafu inanyanyua vivuli. Yaani yale aliyoeleza Mkanda36 kwa mkono, kamera inayafanya yenyewe. Chembechembe ndogo. Weupe kwenye jua, nyekundu nimeongeza moja, buluu nimepunguza mbili.

Lakini usoni siitumii Classic Chrome. Inanyonya wekundu, na ngozi yetu imejaa wekundu chini kwa chini. Maharusi walinirudishia kazi mara mbili kabla sijajifunza. Kwa sura naenda Pro Neg Std, mpangilio mwingine wa Fuji. Imepoa, haina makeke, na kahawia inabaki kahawia.

Mkanda36

Dada hapo umegusa nilipotaka kufika, tena umenitangulia.

Preseti nyingi za "filamu" zinazouzwa zimejaribiwa kwenye sura za pinki. Zinachukua rangi ya chungwa na kuivuta kuelekea pichi. Ngozi ya Mzungu inapendeza. Ngozi yetu, ambayo kwa hesabu za programu ni chungwa lililotiwa giza, inatoka aidha kama matofali au kama mtu aliyepakwa majivu. Halafu mpiga picha anaongeza mwanga kuficha, na mtu anakuwa si yeye.

Na huu si ugonjwa wa jana. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley kwa jina la mfanyakazi wao mmoja. Fundi akichapa picha anahakikisha Shirley amekaa vizuri, wengine mtajijua. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amelichimba hili, na kinachouma ni alichoambiwa na watu wa Kodak wenyewe: waliosukuma mkanda uboreshwe upande wa rangi za giza ni wateja wao watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba kahawia zao hazitofautiani. Mbao za mninga zilisikilizwa kabla ya shangazi zako. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kushika miaka ya 1990.

Kwa hiyo ukinunua preseti, jambo la kwanza fungua sehemu ya rangi, tafuta chungwa na nyekundu, uzirudishe zilikotoka. Mara nyingi hapo hapo mtu anafufuka.

Mzee wa Haipo

Vijana, mmenifurahisha. Nimefanya kazi ya studio tangu nikiwa mtoto wa kufagia, Tanga na baadaye Dar, niliacha kazi mashine za dijitali zilipoingia.

Chuma Chakavu

Shikamoo mzee. Hilo jina la Haipo limekaaje?

Mzee wa Haipo

Marahaba. Haipo ndiyo dawa ya kugandisha picha, sisi tuliita hivyo kwa jinsi Wahindi wenye studio walivyotamka. Siku yangu ya kwanza ndani ya chumba cha giza tajiri ananiuliza, "Haipo ipo?" Nikamjibu, "Kama haipo itakuwaje ipo?" Nikala kofi. Jina likanikaa.

Niseme mawili. Mnasema sura ya filamu, sura ya filamu, kama vile mkanda ndio uliofanya kazi peke yake. Negativu ya uso ilipokauka tulikaa nayo dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano, tunajaza mikunjo na makovu upande wa dawa. Pale palipo wazi kwenye negativu ndipo patakapotoka peusi kwenye karatasi, kwa hiyo ukipatia penseli kidogo panalainika. Yule bibi yenu mnayemsifu kwamba zamani watu walikuwa na ngozi nzuri, nusu ya ngozi ile ni penseli yangu.

La pili, joto. Vitabu vya dawa za kusafishia mkanda vimeandikwa na watu wa baridi: nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar mwezi wa Januari utayapata wapi nyuzi 20? Tulisafisha usiku, tukaweka beseni la barafu na kopo la dawa katikati. Ukisafisha kwa joto kubwa muda unakuwa mfupi mno, dawa haienei sawasawa, na ngozi ya mkanda inavimba na kulainika. Ukiipitisha ghafla kwenye maji baridi inajikunyata kama uso wa ziwa lenye upepo. Kuna dawa zilizotengenezwa kwa nchi za joto, zilitiwa sodiamu salfeti ili mkanda usivimbe. Sisi tulimtegemea muuza samaki na barafu yake.

nahodha_Kisauni

Nawasoma kutoka Mombasa. Mzee umenikumbusha picha za marehemu baba alizopiga Studio Parekh hapa mjini, ameshika simu ya mezani isiyo na waya, amekunja nne, sijui alikuwa anampigia nani. Kwa wenzetu wa Unguja kuna Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, ya ukoo wa Oza, tangu 1930. Hizo ndizo sura za filamu ninazozijua mie, taa ya pembeni moja, kivuli laini, mtu ametulia.

Swali langu: mbona picha za rangi za miaka ya sabini zote nyumbani zimegeuka nyekundu nyekundu, na zile za zamani zaidi za nyeusi na nyeupe zimebaki safi?

Mkanda36

Ndugu wa Kisauni, Mungu akubariki kwa swali hilo maana ndilo lililonifanya nianze kugombana na watu mtandaoni.

Picha ya nyeusi na nyeupe imeundwa kwa fedha, madini yenyewe. Ikioshwa vizuri inaishi kuliko mwenye sura. Picha ya rangi ikishasafishwa fedha inaondolewa, zinabaki tabaka tatu za rangi: sayani (buluu yenye ukijani), majenta (waridi iliyokolea), njano. Rangi hizo zinakufa, na hazifi pamoja. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1970 sayani ndiyo ilikuwa dhaifu, inafifia hata ikiwa gizani ndani ya albamu, na joto linaiharakisha. Sayani ikienda, kinachobaki ni wekundu na unjano. Nyeusi nayo inakuwa hudhurungi, kwa kuwa haina tena mguu wake wa tatu.

Sasa nenda kaangalie preseti maarufu ya "filamu ya kizamani". Nyeusi imenyanyuliwa iwe kijivu, wekundu umeongezwa, rangi zimefifishwa. Hiyo si filamu! Hiyo ni picha iliyooza kwenye albamu. Ile mahari ya dada yangu ilipotoka ilikuwa na nyeusi nyeusi kabisa na kijani cha mnazi kinachong'aa. Mkanda mpya una nguvu. Watu wanaiga maradhi ya karatasi wakidhani wanaiga ujana wake.

binti_wa_Kurasini

Napinga kidogo. Wateja wangu wanataka hayo maradhi. Kwao albamu ya mama yao ndiyo kumbukumbu, na kumbukumbu ina rangi hiyo nyekundu. Mtu akitaka harusi yake ifanane na ya mama yake, mimi ni nani nimwambie sayani imekufa?

Mkanda36

Hapo sina jibu la kukushinda. Ila iitwe jina lake.

Mzee wa Haipo

Binti amesema kweli. Hata sisi tulichapa kwa mteja anavyotaka aonekane.

Chuma Chakavu

Mimi ni mtu wa uchumi wa chini wakuu. Nina kamera ndogo ya Sony isiyo na kioo cha ndani, na hiyo Helios naziona kwa wauza mtumba. Inafungika?

Mkanda36

Inafungika vizuri sana. Helios 44-2 ni ya kufungwa kwa kuzungusha, aina ya M42, tafuta adapta ya M42 kwenda kwenye kamera yako, kipande cha chuma tu hakina umeme. Kama sensa yako ni ndogo ya APS-C, milimita 58 za Helios zinafanya kama 87, imekaa kwa sura za watu. Utalenga kwa mkono. Ukiigeuza mbele ya taa inamwaga ukungu wa mwanga, kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) inashuka, na mandhari ya nyuma ikiwa majani utaona yanazunguka kama kimbunga. Lenzi za siku hizi zimetibiwa zisifanye hivyo, na ndiyo maana mtu ananunua kamera ya gharama halafu ananunua kichujio cha kuiharibu.

Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi kutokea nyuma. Pwani yetu hii kuvu anapanda ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Ukimwona, shusha bei au ondoka, na usiiweke kabati moja na lenzi nzima.

Programu ya kuhariri picha usinunue. Darktable ni ya bure. Ina moduli inaitwa negadoctor, ya kugeuza negativu uliyopiga kwa kamera. Mimi siku hizi siwapi maabara waniskanie, kuna moja iliwahi kunirudishia negativu zimekwaruzwa kama zimepita kwenye mkaa. Natega negativu juu ya kioo cha tableti cheupe, nainyanyua sentimita kadhaa ili vidoti vya kioo visionekane, napiga kwa lenzi ya karibu, RAW, nageuza. Ule uchungwa wa negativu ya rangi moduli inauondoa, unaionyesha tu kipande kitupu cha mkanda kati ya picha na picha.

Nilisema nitarudi kwenye mapambo. Chembechembe: weka mwisho, baada ya kupunguza picha hadi ukubwa wa kutuma, la sivyo zinapotea zote. Na zisifanane kila mahali, kwenye negativu huzioni sana pale penye mwanga mkali. Ule mduara mwekundu kuzunguka taa za usiku, watu wanaupenda kwa sababu ya CineStill 800T. Huo ni mkanda wa sinema wa Kodak ulioondolewa tabaka jeusi la nyuma kabla ya kuuzwa. Tabaka hilo kazi yake ilikuwa kumeza mwanga uliopenya, sasa mwanga unagonga nyuma na kurudi kwenye tabaka la wekundu. Ukiuiga, uiweke kwenye taa tu. Nimeona mtu kaiweka mpaka kwenye shati jeupe la mchungaji.

nahodha_Kisauni

Mikanda yenyewe mwaipata wapi? Huku zilizobaki madukani ni za kabla sijaoa.

Mkanda36

Za kabla hujaoa zilizokaa kwenye kabati la kioo Mombasa, ziache. Wanasema ongeza stopu moja kwa kila miaka kumi iliyopita tangu kuisha muda, lakini kanuni hiyo ni ya mkanda uliolala kwenye baridi. Mimi naagiza kwa watu wanaosafiri. Waambie waubebe mkononi na waombe ukaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za mizigo ya mkononi, zile za CT, zinauunguza, na ule uliopakiwa kwenye begi la chini ndiyo kabisa. Ukifika weka frijini. Ukiutoa usiufungue hapo hapo, uache upate joto la chumba ndani ya kopo lake, la sivyo unatoa jasho.

Kama unaanza, anza na nyeusi na nyeupe, HP5 Plus. Unaisafisha mwenyewe, kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Barafu ya samaki bado ipo.

mjukuu_Moshi

Samahani wakuu naingilia. Huwa nasoma tu sichangii. Kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta kamera ya Yashica, na kidirisha cha namba kilikuwa kinasoma 22. Ina maana ina mkanda ndani?

Mkanda36

Ndiyo! USIIFUNGUE NYUMA. Kuna mpini mdogo wa kukunjua juu kushoto, na kitufe kidogo chini. Bonyeza kitufe, zungusha mpini, mkanda urudi ndani ya kopo lake kwanza.

mjukuu_Moshi

Nilishafungua kabla sijauliza.

Mzee wa Haipo

Ulifungua wapi, ndani au nje? Na uliacha muda gani?

mjukuu_Moshi

Sebuleni, mchana, mapazia yamefungwa. Niliona kitu cha rangi ya kahawia nikashtuka nikafunga. Sekunde mbili tatu hivi.

Mzee wa Haipo

Basi sikiliza mjukuu wangu. Mkanda uliokwishapigwa unajiviringisha upande wa kulia, tabaka juu ya tabaka. Za juu zimeungua, hizo sahau. Lakini za kwanza kupigwa ndizo zilizo ndani kabisa, na zimefunikwa na wenzake. Namba moja, mbili, tatu mpaka labda kumi zinaweza kuwa hai. Usiitupe. Fanya alivyosema Mkanda.

mjukuu_Moshi

Nazungusha sasa hivi. Ni mzito.

Mzee wa Haipo

Umekaa muda mrefu umeshikana. Polepole, usiulazimishe usije ukakatika. Ukisikia umelegea ghafla, mpini unazunguka bure, hapo umeingia.

Chuma Chakavu

Sibanduki hapa.

mjukuu_Moshi

Umelegea.